Siku Tuliyolitikisa Gari la Umeme

Kwa miaka kumi na minne nimeuza mafuta kando ya barabara ya Moshi, karibu na Kikatiti, na katika miaka hiyo yote kitu nilichokisoma bila wasiwasi ni sifuri. Mteja akisimama unamwambia, "Angalia sifuri, mzee," anaangalia, anaitikia, ndipo unaminya. Asipoiangalia, baadaye atasema umempunja, na wewe huna cha kujitetea. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu ya kazi, juu ya darasa la saba nililolimalizia kule kwetu juu kwenye migomba.

Basi walipoleta mashine ya kuchaji magari ya umeme, jambo la kwanza lililonitisha ni kwamba haina sifuri. Gari linafika, unachomeka plagi, na kioo kinaanza na namba kinayoijua chenyewe: kumi na nane, thelathini na tatu, sitini. Nilimwambia dada fundi aliyetoka Dar es Salaam kutufundisha, "Dada, hii haijafutwa. Bado ina namba za mteja aliyepita."

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo siyo namba ya mashine. Ni gari linajieleza. Linasema nimefika hapa nikiwa na kumi na nane kwenye mia."

Nikamuuliza linasema kwa mdomo gani. Nilidhani nimeuliza swali la kijinga, lakini alifurahi, akageuza ile plagi nzito, akanionyesha uso wake. Matundu mawili makubwa, akasema, ndiyo ya umeme wenyewe. Na haya madogo yanayoyazunguka? Ya maongezi. Nikayahesabu. Ya maongezi yalikuwa mengi kuliko ya umeme. Jambo hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Nikiwa nachota maji nalifikiria, nikiwa kanisani nalifikiria.

Alinieleza kwamba kabla umeme haujapita hata kidogo, mashine inalisalimia gari, nalo linaitikia. Inaliuliza betri ina joto kiasi gani, linaweza kupokea umeme wa nguvu gani, lina haraka au halina. Mashine nayo inajikagua yenyewe kama waya wake hauvuji. Wakishaelewana ndipo unasikia tak, umeme unaanza kuingia. "Wasipomalizana salamu," alisema, "hutapata kitu, hata ukiipiga mateke." Hapo nilielewa kidogo, maana kwetu Meru huwezi kufika kwa mtu ukaomba jembe kabla hamjaulizana habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe mmoja mmoja.

Sikuchaguliwa kuihudumia mashine kwa sababu najua. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na mashine ile ilikuja na daftari la makosa ambalo lazima mtu aandike. Mwenzangu wa pampu ya dizeli ana miaka mingi kuliko mimi pale na anayajua magari hasa. Kwa haki kazi hiyo ilikuwa yake. Nilimwambia hivyo, akasema, "Kaa na friji yako. Mimi niache na vitu vinavyonuka." Tangu siku hiyo akawa anaiita friji.

Nilijifunza polepole kwamba kioo kina namba tatu za kutazamwa. Moja ni ile ya gari, kwamba limejaa kiasi gani kwenye mia. Ya pili ni kasi, umeme unaingia kwa nguvu gani sasa hivi. Ya tatu ni jumla, umeingia kiasi gani tangu tulipoanza, na hiyo ndiyo pekee inayoanza na sifuri kama pampu. Nikaiandika kwa kalamu nyekundu. Ile ya kasi ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu inashuka. Gari linaanza kunywa kwa pupa, halafu kadiri linavyojaa linapunguza, na mteja anaona namba inaanguka, anadhani mashine imeharibika. Nami nilidhani hivyo mara tatu, na mara zote tatu nilimpigia dada fundi. Hakunikaripia. Alisema ni gari lenyewe linaomba taratibu, linalinda betri yake, na mashine inatii. Mashine kubwa vile inatii kagari. Sikuwa nimewahi kuona kitu chenye nguvu kinachouliza kwanza.

Sasa niandike ya siku ile, na kama nitakosea mahali, ni kwa kusahau, si kwa kujipendelea.

Ilikuwa kama saa saba mchana. Kagari kadogo kekundu, katika yale yanayoletwa yakiwa yametumika Japani, kakaingia bila sauti mpaka nikashtuka kako nyuma yangu. Aliyeendesha ni mama wa rika langu, mwalimu, anaishi Njiro. Pembeni yake alikaa baba yake, mzee mrefu mwenye kofia ya sufi na miwani myeusi.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Aligeuza kichwa kunitafuta, akageukia pembeni kidogo ya pale nilipokuwa.

Binti yake akashuka haraka. Alinieleza wakati nafungua kifuniko, kwa sababu alihitaji kumweleza mtu. Mzee ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kuna madaktari wageni wanapasua macho huko Moshi, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea wagonjwa. Saa tisa dirisha linafungwa. Mwaka uliopita walichelewa wakarudishwa. Usiku umeme ulikatika Ngaramtoni alikokwenda kumchukua, gari halikuchajiwa, na wamefika kwetu na kumi na tisa tu. "Nahitaji angalau sitini," akasema. "Betri ni ya zamani. Nikiwa na sitini nafika."

Nikachomeka plagi. Hapa naomba nieleweke. Plagi ya aina ile unaisukuma mpaka ilie kli. Wakati huohuo lori la mawe lilikuwa linaondoka upande wa dizeli na dereva amekanyaga mafuta. Nadhani nilisikia kli. Nimelifikiria sana na bado siwezi kuapa.

Kioo kikaonyesha duara linalozunguka, yaani wanasalimiana. Kisha tak. Kumi na tisa. Feni za mashine zikaanza kuvuma.

"Kinachonguruma ni nini?" mzee akauliza kupitia dirishani.

"Ni mashine inajipoza, baba. Umeme umeanza kuingia."

"Nisomee, yeyo. Mimi nasikia tu." Waarusha humwita mwanamke yeyo, yaani mama, hata kama wanamzidi umri.

Nikawa namsomea. Ishirini na mbili. Ishirini na tano. Alikuwa anatikisa kichwa kila namba kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni, kwa makini, asije akapitwa na jina. Akaniambia ameendesha lori la kahawa miaka thelathini, kutoka huku milimani mpaka Moshi viwandani, na kwamba barabara ile anaijua kwa matako. Binti yake akasema, "Baba." Mzee akasema, "Ndiyo, kwa matako. Macho yalikuja kunisaidia tu."

Mwenzangu wa dizeli akasikia neno lori, akaja. Wakasalimiana kwa mapana. Mzee akamuuliza, "Ero, wewe ndiye fundi?" Ero ni kijana, na mwenzangu ana mvi.

"Mimi ni wa dizeli, mzee wangu. Hii friji ni ya mama huyu."

"Inajaza sawasawa?"

"Huwa inaanza na mbwembwe halafu inachoka. Kama kwaya yetu."

Tulicheka. Na kweli, tulipofika thelathini na nane, ile namba ya kasi ikaanza kushuka. Mwalimu akaiona. Akatazama saa, akatazama kioo, akatazama saa. Nikamweleza kama nilivyofundishwa, kwamba siyo kosa, betri ni ya zamani na jua ni kali, gari limeomba taratibu.

"Limeomba nini?" mzee akasema. "Hewa hiyo. Kuna hewa imekaa ndani. Tikiseni gari."

Asiyewahi kufanya kazi kituoni huenda hajui. Dizeli ukiiminya kwa nguvu inatoa povu, tangi linaonekana limejaa kumbe bado. Basi dereva na mwuza mafuta wanashika gari, mmoja nyuma mmoja mbele, wanalitikisa mpaka povu lishuke, zinaingia lita nyingine. Madereva wa safari ndefu hawaondoki bila kutikisa. Mzee hakusema upuuzi. Kwa dizeli alikuwa sahihi kabisa.

Na mimi nilijua kwamba hii siyo dizeli. Mafundisho ya dada fundi nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Lakini mzee wa namna ile akikuambia tikisa, na binti yake anatazama saa, na mikono yako imetikisa magari miaka kumi na minne, mikono inatangulia. Tena nikisema ukweli, sehemu ya moyo wangu ilifikiri labda. Nani ajuaye umeme ukiwa ndani umekaaje.

Mwenzangu akashika nyuma. Mimi nikashika mbele, karibu kabisa na ile plagi. Mzee ndani ya gari akawa anatuhesabia, moja, mbili, tatu, akiyumba na kofia yake. Kwenye ya nne tukasikia pap. Taa za kijani zikawa nyekundu. Kioo kikajaa maandishi ya Kiingereza na pembetatu yenye alama ya hatari. Nami, kwa kuwa nilifundishwa kwamba ukiona hatari bonyeza kitufe chekundu, nikakibonyeza kwa kiganja chote.

Feni zikanyamaza. Sikujua kelele za feni zilikuwa zinanipa moyo kiasi gani mpaka zilipokoma.

"Friji imekufa," mwenzangu akasema. Kisha akaona uso wa yule mama, akasema taratibu, "Samahani, mwalimu."

Gari lilikuwa na arobaini na tatu. Mwalimu akawasha, akasoma kioo cha ndani ambacho kimeandikwa Kijapani kitupu, anakijua kwa picha tu. Akasema haitoshi, wataishia njiani. Nikamwambia, na hili ningepaswa kulisema tangu walipofika, ila nilikuwa najivunia mashine: "Mwalimu, magari ya Moshi yanapita hapa. Pandeni lingine, nitakulindia hili."

"Basi linasimama kila penye mti," mzee akasema. "Saa tisa itatukuta hapo mbele tu."

Mwalimu akafikiri kidogo. "Tuipe dakika ishirini," akaniambia. "Ikishindikana nakodi gari." Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi kwangu kama angepandisha.

Nikampigia dada fundi. Nikamwambia mashine imeungua. Akaniuliza kama kuna moshi. Hakuna. Harufu? Hakuna. "Basi usiniambie unachofikiri. Nisomee kilichoandikwa."

Nikamsomea herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, maana Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Kulikuwa na mistari miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wa kwanza unasema maongezi yamekatika," akasema. "Mashine na gari walikuwa wanaongea, ghafla mmoja hakumsikia mwenzake. Ikitokea hivyo mashine inakata umeme palepale, haingoji hata nusu sekunde. Mlikuwa mnafanya nini?"

Mwenzangu alikuwa amesimama mbele yangu. Alitikisa kichwa, kwamba nisiseme. Simlaumu, kila mtu ana kibarua chake cha kulinda. Lakini nilifikiri, nikimdanganya huyu atanitafutia dawa ya ugonjwa mwingine, na saa inakwenda.

"Tulikuwa tunalitikisa gari."

"Mnalitikisa."

"Ndiyo, dada."

"Gari la umeme. Kwa nini?"

"Ili lijae."

Nikasikia anacheka, anajizuia, anacheka tena mpaka anakohoa. Akaomba radhi. Akasema huenda plagi haikuwa imekaza mpaka mwisho, ikachezacheza. "Na mstari wa pili unasema kuna mtu amebonyeza kitufe chekundu."

"Ni mimi huyo."

"Basi, mama, mashine haina ugonjwa. Umeiambia isimame, imesimama. Sasa inakusubiri wewe uliyeikataza uje uiruhusu. Hata ikisubiri mwaka, haitajiruhusu."

Sijui kama aliona alichokisema ni kikubwa. Mimi nilisimama pale na simu sikioni, nikaitazama mashine. Ndani yake mna nguvu ya kuua mtu mara nyingi, na ilikuwa imekaa kimya, inaningoja mimi, mwuza mafuta wa darasa la saba.

Akanielekeza. Nikashika kitufe chekundu, nikakizungusha upande wa kulia, kikaruka nje chenyewe. Kioo kikawa cheusi, halafu cheupe, halafu kikaanza kujiandikia mambo yake. Tukaichomoa plagi. Mwalimu akazima gari kabisa, akafungua mlango na kuufunga, akahesabu mpaka sitini kwa sauti ya darasani. Nikaishika plagi tena. Mwenzangu, bila kuambiwa, akaenda mbio kwa dereva wa fuso lililokuwa linanguruma pale pampuni, nikamsikia akisema, "Zima, kaka. Kuna mgonjwa anasikilizwa."

Kukawa kimya. Nikasukuma. Kli. Safari hii niliisikia, na mzee aliisikia, maana alisema, "Eh."

Duara likazunguka. Wanasalimiana. Nimeona ibada nyingi, na siku hiyo nilisimama mbele ya lile duara kama nasimama mbele ya madhabahu. Nilijua sasa kinachoendelea mle ndani. Gari lililotengenezwa kwao Wajapani, likazeeka, likavuka bahari, na mashine iliyotengenezwa nchi nyingine kabisa na watu ambao hawakuwahi kulijua gari hilo, wanaulizana hali kwenye kivuli cha kituo chetu. U mzima? Ni mzima. Umechoka? Nimechoka. Unaweza kidogo? Naweza kidogo. Hakuna anayemwona mwenzake. Tak.

Arobaini na tatu. Tukangoja. Arobaini na nne.

Hakuna aliyegusa gari. Mwenzangu alifunga mikono nyuma mgongoni kama askari. Ile kasi ilikuwa ndogo, na mwalimu aliniuliza mara mbili kama haiwezi kusukumwa, nikamwambia hapana, gari ndilo linaloamua. Mzee hakusema tena habari ya hewa. Alisema tu, "Liacheni lile polepole. Nami nikila haraka napaliwa."

Waliondoka na sitini na saba, saa nane kasoro dakika chache. Nilimwambia mwalimu akikimbia sana namba zitaanguka, asipokimbia saa itampita, na sijui nimshauri lipi. Akasema, "Basi nitaendesha katikati." Kagari kakaingia barabarani bila sauti kama kalivyokuja.

Nikaenda kuandika daftari la makosa. Kuna mahali pa kujaza chanzo. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Niliandika kwamba plagi huenda haikukaza, kwamba mhudumu alitikisa gari, kwamba mhudumu huyohuyo alibonyeza kitufe chekundu pasipokuwa na moto. Nilijiandika peke yangu, kwa kuwa mashine ilikuwa mikononi mwangu. Baadaye mwenzangu akaja akasoma akichungulia juu ya bega langu. Akachukua kalamu, akaongeza wingi kwenye neno, wahudumu walitikisa, mwandiko wake mbaya ukakaa juu ya wangu. Bosi aliposoma alisema tuandike karatasi, marufuku kutikisa, tuibandike kwenye mashine. Tuliibandika. Wateja wanaicheka.

Jioni simu ikalia. Ujumbe wa mwalimu: wamefika saa tisa kasoro dakika nne, mlinzi alikuwa tayari ameshika geti, wamempokea, gari lilikuwa limebaki na kumi na moja. Niliusoma nikiwa bado nimeshika pampu, na mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Walirudi baada ya siku kadhaa. Mzee alikuwa na plasta jicho la kushoto, la kulia liko wazi, jekundu kidogo na linatoa machozi. Alishuka mwenyewe. Alilizunguka gari lote, mkono nyuma.

"Jekundu," akasema. "Na mimi kanisani nawaambia watu mwanangu ana gari la bluu."

"Nilikuambia ni jekundu, baba."

"Uliniambia. Mimi nikaliona bluu."

Kisha akanigeukia, safari hii sawasawa. "Wewe ndiye uliyekuwa unanisomea?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa sauti nilidhani ni kabinti."

"Nina mjukuu, baba."

"Naona," akasema, na mwenzangu pale kwenye dizeli akacheka mpaka akashika nguzo.

Nikaenda kuchomeka. Niliporudi mzee alikuwa ameinama kwenye kioo cha pembeni cha gari, uso karibu kabisa, anakitazama. Nilidhani amepata kichefuchefu au jicho linamuuma. Binti yake naye alidhani hivyo, akamshika kiwiko. Mzee hakugeuka. Alipapasa shavu lake, akavuta ngozi ya chini ya kidevu, akaiachia.

"Huyu ni baba yangu," akasema.

Miaka mingi hakuwa ameuona uso wake. Akaendelea kuinama pale, akimtazama.